Nilimpa mke wangu anayenyonyesha dawa zangu za maumivu, kichanga akawa haamki

Wakuu, habari za mchana. Haya yametokea nyumbani kwangu, Lizaboni hapa Songea. Siongezi chumvi, na mkosaji ni mimi.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Siku ya tano kidonda kikamtesa, hata kugeuka kitandani mpaka ang'ate meno.

Mimi nilikuwa na tramadol zilizobaki tangu nivunjike mkono. (Pikipiki, wakuu. Tuyaache.)

Nikampa. "Meza, zilinisaidia sana."

Maumivu yakakata. Nikajiona daktari.

Siku ya pili yake mtoto akawa analala tu. Majirani wakaja kumwona, wakasifia: "Mna bahati, katoto katulivu!" Na sisi tukafurahi. Tulikuwa hatujapumzika wiki nzima.

Mchana akafika mama mkwe kutoka Nalasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yako kwa mjukuu. Akamkuna nyayo. Kimya. Akamsogeza kwenye titi la mama yake, maziwa yakamwagika pembeni ya mdomo.

"Baba, huyu kanyonya saa ngapi?"

Tukatazamana na mke wangu. Hakuna aliyejua.

"Mtoto wa wiki moja halali hivi. Tafuta bajaji."

Hospitali, nesi akahesabu pumzi zake, akamwita daktari mbio. Zilikuwa chache mno. Wakamwekea oksijeni.

Daktari akamuuliza mke wangu, "Mama, unatumia dawa gani?"

Aliogopa kunitaja mbele ya mama yake.

Nikasema mwenyewe: "Tramadol. Nilimpa mimi."

Hakunigombeza. Akaeleza kwamba tramadol, na kodeini vilevile, hupita kwenye maziwa; kichanga analewa, hanyonyi, pumzi zinapungua. Mke wangu akabadilishiwa dawa, akaelekezwa lini aanze tena kunyonyesha.

Siku mbili nilikaa kwenye benchi siwezi kumtazama mama mkwe.

Ya tatu, binti yangu akalia. Kilio cha hasira, cha njaa hasa. Mama mkwe akasema "Alhamdulillah," akajifunika kanga usoni, akalia naye.

Nilichojifunza: dawa iliyokufaa wewe si ya mwenzio, na mama anayenyonyesha anamezea wawili. Uliza kwanza.

Wauguzi mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Waliopitia haya, semeni.

Na kama una kichanga hapo ndani anayelala kupita kiasi, achana na uzi huu. Kamwamshe. Asipoamka vizuri, hospitali.