Kigoda Nilichokinyoosha

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nikiwa bado mgeni katika ualimu, nimesimama mbele ya watoto wa darasa la nne, na mezani kuna misumeno miwili, nyundo, patasi na randa moja ya kuazima. Umeniambia umepewa darasa, na unataka wanafunzi wako watengeneze vitu kwa mikono yao. Ukaniomba nikuonyeshe namna ya kupanga. Nitakuonyesha, lakini acha nianzie pale nilipoharibu, maana hapo ndipo nilipofundishwa.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Ruiru, upande wa Mugutha, katikati ya mashamba ya kahawa. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na wapigania uhuru wa msituni. Watu walikuwa wamehamishwa na kurundikwa vijijini, nyumba zimebanana, na vitu vingi vilipotea katika kuhama. Kulikuwa na nyumba zisizo na hata kigoda cha kukalia. Nikafikiri, watoto hawa watengeneze vigoda, kila mmoja apeleke chake nyumbani. Miti ya kivuli ilikuwa imepunguzwa shambani, na nyapara akakubali tuchukue vipande.

Siku hizo wavulana walipewa mbao na wasichana wakapewa sindano. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na kichwa kigumu. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba wote watashika msumeno. Akasema sawa, ila mkaguzi wa shule atakuja kutoka Thika baada ya wiki sita, na kazi za wasichana zikiwa mbaya watarudi kushona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu ameona vijana wengi wakianza kwa kishindo na kuishia njiani.

Basi nikapanga. Nilichora kigoda ubaoni: miguu mitatu, urefu mmoja, kikalio cha mviringo. Nikaweka siku za kupima, siku za kukata, siku za kutoboa. Kila kitu nilikipanga, mwanangu, isipokuwa kuuliza.

Kati ya wasichana, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote ni Wambui, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, mkimya, asiyeinua macho mpaka kazi imalizike. Fundi wa shule, Mzee Karanja, aliyerekebisha madawati na kutusaidia siku za kazi za mikono, alimpa Wambui patasi yake mwenyewe, na mzee yule hakuwa mtu wa kuwaazima watu vifaa vyake. Lakini wiki ya mwisho nilipopita kukagua, nikaona kigoda cha Wambui ni kirefu kuliko vyote, na kikalio kimeinama upande mmoja kama paa la banda la kuku. Nikamwambia kimepinda. Akaitika, "Ndiyo, mwalimu," akaendelea kukipiga msasa. Nikadhani amekiri kosa.

Siku ya mkaguzi, watoto walipokwenda chakula cha mchana, nilivipanga vigoda vyote mstari mmoja. Vingine vimesimama sawa, kile kimeinama. Nikawaza habari ya sindano. Nikachukua msumeno, nikapunguza miguu, nikakipiga randa kikalio mpaka kikanyooka. Kazi ya wiki sita niliibadilisha kabla ya kengele kulia. Tena nilijisifu moyoni, nikijiambia kwamba ninamtetea.

Mkaguzi alipita na mwalimu mkuu. Kati ya vigoda vyote akakiinua kile kile, akakigeuza, akakisifu, na akamwuliza Wambui kama ni yeye aliyekitengeneza. Mtoto alipitisha kidole kwenye miguu iliyokatwa.

"Hapana, bwana," akasema. "Hiki ni cha mwalimu."

Mkaguzi akakiweka chini taratibu, akaenda kwa mtoto mwingine. Jioni mwalimu mkuu aliniambia kwa maneno machache kwamba, ikiwa kazi ya wasichana inafanywa na mwalimu, basi warudi kushona. Na mimi, badala ya kujitazama, nilimwita Wambui nikamwambia ameniaibisha mimi na wenzake. Hakulia. Kesho yake hakuja shule, na kesho kutwa hakuja.

Nilimwendea Mzee Karanja nikitaka anipoze moyo. Alikuwa akinoa vifaa vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nilijua kigoda kile kilikuwa cha nani. Nikajibu kwamba kilikuwa cha nyumbani kwao.

"Nyumba haikai, mwalimu. Anayekaa ni mtu," akasema. "Mti ukiwa mrefu, utaupunguza hata kesho. Ukishaukata, nani ataurefusha?"

Hakupaza sauti. Alirudi kwenye kunoa, nami nikaondoka nikiwa mdogo kuliko nilivyokuja.

Jumamosi nikashika njia ya Mugutha kwa miguu, kwenda kwa kina Wambui. Wambui alikuwa mlangoni akichambua mboga za managu. Baba yake alikuwa amechukuliwa na askari, na siku hizo watu hawakuulizana alikopelekwa mtu. Mama alikuwa shambani kuchuma kahawa. Ndani alikaa bibi yake, cucu kama tunavyosema kwetu, juu ya debe lililopinduliwa, mguu wa kulia umenyooka mbele kama mchi.

Cucu alinieleza mwenyewe, bila uchungu. Walipokuwa wakihama alianguka na mzigo wa nguzo za nyumba, na tangu hapo goti halikunjiki. Akikaa kwenye kigoda cha kawaida, hainuki mpaka ashikwe. Wambui alikuwa amempima kwa kamba ya mkonge, akafunga fundo la urefu wa upande mzima na fundo la upande mbovu, ambao ulitakiwa kushuka. Kabla ya kugusa mbao alijaribu kwanza kwa matofali na ubao, akiongeza na kupunguza, siku baada ya siku, mpaka cucu akainuka peke yake.

Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake. Zamani zile mwalimu hakumwomba mtoto msamaha; lilikuwa jambo la kushangaza watu. Lakini nilitoka mlangoni, nikachuchumaa kando ya Wambui, nikamwambia nimekosa. Nimekata nisichokijua, tena nimemlaumu kwa kusema kweli. Aliendelea kuchambua mboga.

"Ungeniuliza, mwalimu, ningekwambia."

"Na mbona wewe hukuniambia?"

"Ulisema vyote viwe sawa."

Jumatatu alirudi shule. Msumeno wasichana hawakuushika tena mwaka ule. Hilo sikuweza kulirudisha. Kwa hiyo Jumamosi zilizofuata tulikwenda kwa Mzee Karanja, Wambui akikata na mimi nikishika mbao. Kigoda cha pili hakikuwa kizuri kama cha kwanza, na kikalio kilikuwa na ufa. Cucu alikikalia, akaweka mikono mapajani, akainuka. Akaenda hadi mlangoni, akarudi, akakaa tena, akainuka tena, wala hakuna aliyemshika. Mwaka uliofuata nilimwendea mwalimu mkuu, nikamsimulia yote bila kuficha habari ya msumeno na randa, nikaomba mara ya pili. Akakubali.

Basi sikia. Kabla hujachora chochote ubaoni, mtume kila mtoto akatazame nyumbani ni nani ana shida gani, na kazi yake ianzie hapo. Kuuliza si ujinga. Chagua kitu kidogo kinachoweza kumalizika, na waache wajaribu kwa udongo na vijiti kabla ya kugusa mbao. Katika ratiba yako weka siku za kuharibu. Mimi sikuweka hata moja. Ukiona kazi imepinda, funga mikono nyuma, umwulize mwenyewe. Ikiwa kweli amekosea, mwonyeshe kwenye kipande kingine, si kwenye chake. Na usiwafanye watoto kuwa silaha ya kushindia ubishi wako na wakubwa, hata ukiwa na haki. Mimi nilikuwa na haki katika habari ya wasichana wale, na bado niliwakosea. Ukikosea, nenda ukaseme umekosea, mapema, kwa miguu yako mwenyewe.

Mungu akupe sikio jepesi na mkono usio na pupa. Watoto wako wakuzidi ujuzi, nawe uishi uwaone wakikuzidi, na ufurahi. Nenda na amani, mwanangu.