Siku Niliyokana Kazi Yangu

Mpaka leo nikisikia mtu akisema kwamba Mwafrika wa miaka ile hakujua mitambo, damu hunichemka. Mimi nilijua. Na ni mdomo wangu mwenyewe uliosema sijui.

Nilikuwa fundi katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Thika, wakati wa Hali ya Hatari. Kaka yangu alikuwa mwaka wa pili katika kambi ya kizuizini. Mama alikuwa amehamishwa na majirani zake wote, wakafungiwa katika kijiji kilichozungushiwa mtaro na waya upande wa Gatuanyaga, na mshahara wangu ndio uliomlisha. Kipande changu, kile cheti ambacho kila Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, kilikuwa na muhuri wa gereji. Bila muhuri ule ningepakiwa kwenye lori la kambini siku hiyo hiyo.

Mzungu mwenye shamba la kahawa huko Ruiru alituletea gari lake dogo, la kawaida kabisa, pamoja na sanduku la mbao lililotoka Uingereza. Ndani mlikuwa na bloa, pampu inayozungushwa na mkanda ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Alitaka kuwashinda wenzake kwenye mashindano ya barabara za vumbi. Mhindi alinikabidhi kazi, maana macho yake yalikuwa yameanza kumtupa.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyopaswa. Injini ya kawaida haikubali kulishwa kwa nguvu hivi hivi. Ukiishindilia hewa bila kuiandaa, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni huyeyuka. Kwa hiyo kwanza unaipunguzia mbano, ile nguvu ambayo pistoni hubana nayo hewa ndani ya silinda. Nilikata bamba la shaba, unene wa sarafu, nikaliweka chini ya kichwa cha silinda ili nafasi ya juu ya pistoni iongezeke. Nikachelewesha cheche kidogo, nikaiongezea kabureta petroli. Siku tatu nilichomoa plagi na kuzisoma rangi, mpaka zikawa kahawia kama chai ya maziwa. Tulipolijaribu gari kwenye mwinuko wa mto Chania, Mzungu hakuniruhusu kugusa usukani. Nilikaa nyuma na mbwa wake, nikiisikiliza injini yangu.

Mwezi mzima lilikwenda bila kukohoa. Kisha marafiki zake wa klabu wakamwambia kwamba bamba lile linamwibia nguvu. Mzungu alikuja siku ambayo Mhindi alikuwa Nairobi, akaniamuru nilitoe na cheche niirudishe ilipokuwa.

"Bwana," nikamwambia, "ukitoa bamba hili, pistoni itatoboka. Haitamaliza wiki."

"Wewe toa. Hapana sema."

Nikatoa. Injini iliishi siku nne.

Alirudi na inspekta wa polisi, rafiki yake, akiwa ameshika pistoni yenye tundu la kupitisha kidole. Mimi, mjinga wa miaka ishirini na miwili, nilidhani Mzungu ataniambia kwamba nilisema kweli. Inspekta aliniuliza kama ni kweli nilitabiri jambo hili. Nikasema ndiyo, karibu kwa fahari. Akauliza mtu hujuaje kitu ambacho hakijatokea, kama si yeye aliyekipanga.

Onyo langu likawa ushahidi. Neno alilotumia lilikuwa hujuma, na watu walikuwa wakipotea kwa neno hilo.

"Nani nafundisha wewe?" Mzungu alifoka.

Ni kitabu kilichokuja ndani ya sanduku lako, kile ambacho hukukifungua. Hilo nililimeza. Kusoma Kiingereza nako kungekuwa kosa la pili.

Mhindi akatoka ofisini akifuta mikono. Alijua kila kitu. Bamba lile alilipima mwenyewe, akaniambia ni kazi safi. Sasa alicheka, kicheko cha kumfurahisha mteja.

"Huyu hapana jua kitu, bwana. Kasuku tu, nasema ovyo. Kichwa yake iko maji." Akanigeukia, na macho yake hayakuwa yakicheka. "Sema. Wewe najua injini?"

Niliitazama mikono yangu. Ilikuwa na mafuta ya injini.

"Sijui, bwana."

"Sauti," inspekta akasema.

"Sijui kitu."

Mzungu akatulia hapo hapo. Mwafrika anayejua alimtisha. Yule asiyejua, Mzungu alikuwa amemzoea. Akaitupa pistoni kwenye vyuma chakavu, akamuuliza inspekta kama atakunywa chai, wakaondoka.

Mhindi alisubiri mpaka gari lao lilipopotea, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameniokoa. Ni kweli, aliniokoa. Nilimwambia asante, na nilimaanisha. Ndilo jambo ambalo sijawasamehe wote watatu, kwamba walinifikisha mahali pa kumshukuru mtu kwa dhati, machozi yakinilenga, kwa kuwa ameniita mpumbavu.