Damu Iliyoanza Kurudi Nyuma

Kwa miaka kumi na tisa Shangazi amepima wajawazito katika chumba kilekile cha hospitali, chenye pazia zito na feni inayolia. Si shangazi wa mtu pale. Wajawazito walimpa jina hilo, likamganda. Kazi yake ni kupima na kuandika. Kusema ni kazi ya daktari.

Mshonaji mmoja wa nguo aliletwa kwake akiwa na mimba ya wiki ishirini na sita, presha iko juu, nyuma yake mimba mbili zilizoharibika. Mtoto alikuwa mdogo kuliko umri wake. Shangazi akawasha Dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha mwendo wa damu, akautafuta mshipa wa kitovu. Damu ya mtoto mzima huendelea kutiririka hata moyo unapopumzika baina ya pigo na pigo. Ya huyu ilikuwa inakatika.

"Shangazi, mbona umekunja uso?"

"Macho tu, mwanangu. Uzee huo."

"Basi nitakushonea pazia jepesi upate mwanga."

Wakacheka wote wawili.

Mshonaji akalazwa, akawa analetwa kila baada ya siku mbili. Mtoto alikuwa na gramu mia sita. Akitolewa, wodi ya njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, haijawahi kumvusha wa uzito huo. Akiachwa, kondo la nyuma linamnyima chakula. Na mashine ile, pamoja na ujanja wake wote, haikuweza kumwongezea hata tone.

Jumatano damu ikaanza kurudi nyuma. Daktari alikuja mbio, akasimama mikono kiunoni, kisha akamvuta Shangazi hadi mlangoni.

"Nikimtoa leo hatapumua. Nampa mama sindano za kukomaza mapafu, zinataka siku mbili."

"Na hizo siku mbili anazo?"

Daktari alitazama viatu vyake.

Jioni Shangazi hakugusa chakula. Mumewe akauliza nani kamuudhi.

"Hakuna. Ningempata wa kumgombeza ningelala."

Ijumaa asubuhi mshonaji alipanda kitandani mwenyewe. "Leo katulia," alisema. "Nadhani sindano zimemchosha."

Shangazi akapima kushoto, kulia, chini kabisa, akarudia tena.

"Moyo unapiga?"

Utaratibu ni kumwita daktari kwanza. Shangazi akaweka kifaa chini, akamshika mkono.

"Haupigi, mwanangu."

Feni ikaendelea kulia. Mshonaji alikuwa anaangalia dari.

"Ulijua tangu Jumatano?"

"Nilijua damu inarudi. La kufanya sikulijua."

"Ungeniambia," alisema taratibu. "Ningekaa naye vizuri hizo siku mbili. Mimi nilikuwa napiga soga na wenzangu wodini."

Shangazi akachukua kitambaa. Akamfuta tumbo, akamfunika shuka, akaenda kumwita daktari.

Siku hiyo alipima wengine kumi na mmoja, wote wazima. Kila mmoja alitoka akimshukuru, naye akaitikia, asijue anashukuriwa kwa lipi.