Mguu Mlangoni

Daktari wetu wa kiwewe pale Malmö, Uswidi, hukaa sakafuni, mguu wake mmoja ukizuia mlango usijifunge, na soksi ya sufu imetoboka kidoleni. Amekaa hivyo tangu Haji Zalmay, Mwafghani mwenzangu, alipomweleza jinsi walinzi wa gereza walivyofunga mlango na kumkandamiza uso sakafuni. Mimi ni mkalimani wao. Haji alikuwa akiswali kitini, maana kila alipoinama kusujudu alirudi gerezani na pumzi zikamkata. Daktari hasali, hata Krismasi kanisa halimwoni, lakini alikwenda kwanza kumuuliza imamu kama inafaa kumzoeza Haji kusujudu tena, akarudi na mswala kwapani. Kazi ikawa hiyo, kushuka kidogo kidogo: siku nyingine magoti tu, siku nyingine viganja, daktari akifuma soksi atakayoitoboa tena. “Mke wangu angekutimua na soksi hizo,” Haji humtania. “Mwambie apange foleni nyuma ya mume wangu,” hujibu bila kuinua macho.

Jana paji la uso la Haji liligusa mswala, likabaki pale. Sindano za kufumia za daktari zikasimama. Tukamsikia akimtukuza Mola wake taratibu, mpaka mwisho, pumzi zikiwa zake. Alipoinuka ndevu zilikuwa zimelowa. Akakikamata kiti chake na kukiburuta hadi mlangoni.

“Haya daktari, inuka huko chini,” alisema. “Kalia wewe. Mimi sina kazi nacho tena.”