Maji ya Kuzimia Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Lulindi, sikupewa mwiko wala pima maji. Fundi Mkuu, mtu wa maneno machache, alinipa jiwe na nusu ya limau. "Kamulia." Nikakamulia. Jiwe likatoa povu, nami nikaruka nyuma.

"Likitoa povu ni la chokaa," akasema. "Ukiliogopa, rudi kwenu Mnyambe ukapalilie mikorosho."

Sikurudi. Ndani ya jiwe niliona kombe dogo la baharini, lenye mistari yake yote, nikauliza limeingiaje. Akacheka, mara ya kwanza na karibu ya mwisho. Akanieleza kuwa viumbe wa baharini wakifa, makombe yao hulala chini, tabaka juu ya tabaka, yakigandamizwa kwa enzi zisizohesabika mpaka yawe mwamba. Tangu hapo sipiti penye ukuta mweupe bila kujiuliza ni viumbe wangapi wameujenga. Na jiwe hilohilo ndilo hutengenezea saruji, na unga wake hupunguza uchachu wa udongo shambani.

Sisi tulilichoma tanurini likawa chokaa mbichi, kisha tukaizima, yaani kuitia shimoni na maji mengi. Huchemka yenyewe, bila moto! Halafu huachwa wiki kadhaa, mpaka punje ya mwisho ilainike.

Nilipohamishiwa Newala, sasa nikiwa fundi, kupiga lipu ya chokaa wodi ya wazazi, shida ikawa maji. Kina mama waliyateka bondeni, wakapanda mlima nayo kichwani, kwa ujira wa kulishia watoto. Kiongozi wao, Mama Zainabu, alikuwa mjamzito. Nikamwonea huruma.

"Leo yametosha, mama."

"Fundi, shimo halijajaa."

"Yametosha, nimesema."

Mvua za kwanza tu, ukuta ukaota vipele. Punje ambazo hazikuzimika zilikunywa unyevu, zikavimba, zikapasuka. Kipande kikaangukia kitanda, kwa bahati kitupu. Msimamizi wa Ujenzi akaja juu: "Hawa wabeba maji wamefanya uvivu. Wafukuzwe wote!"

Mama Zainabu alinitazama. Nikasogea mbele.

"Mzee, ni mimi niliyewazuia."

Akanionyesha ukuta. "Basi utaukwangua ukuta wote. Na maji utateka mwenyewe."

Nikateka. Mwanamume na ndoo kichwani! Njia nzima watu walinicheka, na shingo ikaniuma hadi usiku. Huruma yangu ilikuwa ya mtu asiyewahi kuubeba ule mzigo. Nilipaswa kuongeza siku za kazi, si kupunguza maji.

Miaka yote iliyofuata, tukikutana sokoni Mama Zainabu aliniuliza, "Fundi, yametosha?" Nami nikamjibu, "Bado, mama."

Siku nilipostaafu, wakubwa walihutubia sana. Katikati ya hotuba akaingia Mama Zainabu, bibi kizee sasa, na ndoo iliyojaa kichwani, ingawa bomba liko jirani. Akaitua miguuni pangu.

"Haya, Fundi. Sasa yametosha."

Nililia mbele ya wakubwa wote, na sioni haya kusema.