Ngoma ya Hjulsta Isiyo na Ngozi

Nilisafiri kwa sababu niliombwa. Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira anayekaa Hjulsta, kitongoji cha Stockholm, Sweden, alikuwa anaondoa matanga ya mumewe, mtu wa visiwa vya Vanuatu, huko Pasifiki. Marehemu aliacha ngoma ya kuchongwa na usia kwamba ipigwe siku hiyo. Kwao mwanamke haigusi. Mama alitafuta mwanamume wa visiwa hivyo Stockholm nzima, akamkosa, ndipo kanisani wakamwambia yuko Mrundi mmoja huko Alby anayejua ngoma zote. Sikukanusha.

Asubuhi, Alby. Nilipanda treni ya njia nyekundu nikiwa na fimbo zangu, gundi ya mbao na vipande vya msonobari, maana mtu makini husafiri na vifaa. Katikati ya jiji nikahamia ya buluu hadi mwisho wa njia. Nilipitia kichwani yote niliyosoma maktaba kuhusu ngoma. Yote yalihusu ngozi.

Hjulsta. Ngoma ilisimama sebuleni: gogo refu kunizidi, juu uso wenye macho kama sahani, na chini ya kidevu ufa uliokaribia sakafu. Kingo zake zilinyooka mno kwa ufa. Niliona, nikapuuza. Mama akiwa jikoni akipika sombe, kisamvu cha kwao, niliujaza vipande na gundi.

“Papa, unafanya nini?”

“Naziba ufa, Mama. Gogo limekaushwa na joto la humu ndani.”

Alikaa kwenye kochi. “Huo ni mdomo. Sauti inatoka hapo. Huyo ni babu yao, na wewe umemziba mdomo siku ya mjukuu wake.”

Wageni walikuwa njiani, na gundi niliichagua mwenyewe kwa sababu hukauka haraka. Nilichokonoa kwa kisu cha mkate, Mama akinielekeza kwa mbali.

“Warundi wote wako hivi?”

“Hapana, Mama. Wengine hawasomi.”

Alasiri. Sebule ilijaa, ngoma ikiwa wazi tena. Kwetu tunapiga juu, basi nikainua fimbo kulenga paji la uso.

“Si usoni,” Mama alisema taratibu. “Ukingoni mwa mdomo.”

Nikapiga. Sauti nzito ikapita sakafuni, ikapanda miguuni. Mama alifumba macho.

“Ndiye,” alisema. “Tena.”

Nilipiga mpaka alipoanza kulia, jambo ambalo, aliniambia mlangoni, lilimshinda tangu mazishi.

Niliporudi Alby, mke wangu aliuliza kama nilisaidia. Nilimjibu kweli: kwa sehemu kubwa nilifukua nilichofukia. Siku hizi nikikuta kitu cha watu nauliza kwanza, hata pale ninapojua. Hasa pale ninapojua.