Nilimzuia Dada Asichomwe Sindano, Nikampa Maji ya Nano

Ndugu yangu unayesoma, kosa ni langu. Sikurogwa, sikulewa. Nilikuwa na akili zangu timamu nilipomwambia dada yangu, "Korogwe kufuata nini, wakati mimi nipo?"

Jina langu naomba nilifiche. Kwetu Kwedizinga watanijua tu.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kunyamaza nayo, nikaondoka. Nimekata miwa, nimechimba mawe, nimebangua korosho kusini. Popote nilipolala nilikuwa naota nyumbani: bada ya moto, ule ugali wetu wa muhogo, moshi wa kuni mbichi, sauti ya dada akiita kuku jioni. Lakini nikishafika, haupiti muda miguu inaanza kuwasha tena.

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Kila nikitokea barabarani na begi langu hakuwahi kuuliza nimeleta nini. Alikuwa anasema, "Umekonda," kisha anainjika sufuria. Hilo lilikuwa linaniumiza kuliko matusi.

Kibarua changu cha mwisho huko mbali kilikuwa kwenye kituo kimoja cha utafiti wa dawa za mimea. Nilikuwa nachuma majani, nayaosha, nayaanika kivulini. Ndani waliyachemsha, wakayachuja, kisha wakachanganya na maji yenye madini ya fedha. Jamani, yale maji yalibadilika rangi mbele ya macho yangu! Yalitoka unjano yakawa kahawia.

Mtaalamu mmoja, mama mpole, aliniona nimeduwaa akanieleza. Alisema mle ndani sasa mna chembe za nano, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, na kwamba zinaking'ang'ania kirusi kisiweze kuingia ndani ya seli za mwili. Kisha akasema, "Lakini hii tumeijaribu kwenye vibakuli vya kioo tu, kaka. Kwa binadamu bado sana."

Mimi nilibeba ile sehemu ya kirusi. Ile ya vibakuli niliiacha palepale.

Siku naondoka nilitia chupa moja kwenye begi. Niliiba, ndiyo. Sikutaka kuiuza. Nilikuwa nimechoka kurudi kwa dada bila kitu cha kumwonyesha.

Nilikuwa nyumbani sina hata mwezi, dada akang'atwa na mbwa mkononi akitoka kuchimba mihogo. Mbwa mwenyewe hajulikani katokea wapi. Alikuwa anatembea kama mlevi, mate yanamtoka. Alipotoka kwa dada akaingia kwenye zizi la jirani yetu mfugaji, mzee mmoja wa Kimasai, akamng'ata ndama. Vijana wakamuua huko.

Zahanati walimfunga dada kidonda, wakamwambia chanjo ya kichaa cha mbwa pale haipo, asubuhi aende hospitali Korogwe. Asubuhi akavaa kanga zake za safari, akaniomba nimsindikize.

Nikatoa chupa.

"Dada, kichaa cha mbwa kinaletwa na nini?"

"Si na mbwa?"

"Kinaletwa na kirusi! Na hii ni dawa ya virusi. Inaitwa nano."

Akaipokea, akaitazama kwenye mwanga. "Mbona kama chai iliyolala?"

Tulicheka. Mungu wangu, tulicheka! Kisha akanirudishia akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma." Akaingia ndani, akabadili zile kanga.

Nilimwagia kidonda, nikamnywesha kwa kijiko asubuhi na jioni. Na kidonda kikafunga! Kilikauka vizuri, bila usaha, kovu likawa safi. Kila aliyepita nilimwita aje aone. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wa kwetu walinisikiliza nikiongea. Sikujua kwamba kidonda kinaweza kupona juu huku kirusi kinapanda taratibu kwenye mishipa kwenda kichwani. Sikujua, na sikuuliza.

Siku moja yule mzee jirani akaja, akasimama uani na fimbo yake.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Yule ndama amekufa. Alikuwa analia usiku na mchana, anatoa mate, anapiga kichwa kwenye miti. Mpeleke mama huyu hospitali."

Unajua nilimjibu nini? "Pole, mzee. Lakini ndama hakunywa nano."

Alinitazama, akamtazama dada, akaondoka bila kuaga.

Nadhani ndiye aliyempigia simu binamu yetu, kwa sababu mchana ule binamu akaja na pikipiki yake kutoka Makuyuni. Huyu ni mtoto wa mjomba, kwa hiyo kwetu ni mtani. Kama hujalelewa kwenye utani huwezi kunielewa hapa. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na unacheka. Anayenuna ndiye aliyeshindwa. Jambo zito ukilisema kwa mtani, unalisema kwa utani, na anayejibu anajibu kwa utani. Ndivyo tulivyokua.

Hakuzima hata injini. "We Mzururaji! Hujamuua tu huyo bibi? Mwambie apande nimpeleke akachomwe, kabla hajaanza kubweka tukamfunga mnyororo!"

Dada naye hakukubali kushindwa. "Nikibweka nitakung'ata wewe kwanza, maana una nyama za wizi!"

Watu waliokuwepo walikufa kwa kicheko.

"Panda basi, mchumba. Nimejaza mafuta tenki zima kwa ajili yako."

"Kamchukue mkeo, mimi nina daktari wangu hapa," dada akasema, akaninyooshea kidole.

Mimi nikavimba kichwa. Nikaongeza na langu: "Nenda zako mgosi, usituletee harufu ya petroli."

Binamu alicheka, lakini alikaa pale na pikipiki inanguruma, anamtazama dada. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Panda, dada." Hilo neno, dada! Hajawahi kumwita hivyo. Ilikuwa bibi, mchumba, kikongwe. Nililisikia lile neno na nikalipita. Nikampiga kofi la mgongoni, akaondoka.

Baadaye muuguzi mmoja aliniambia kwamba hata siku ile ya ndama hatukuwa tumechelewa. Angechomwa, huenda angepona. Najuta kumuuliza.

Ilianza kwa kovu kuwasha. Dada alikuwa anajikuna hadi ngozi inachubuka. Kisha hakula. Kisha asubuhi moja nikampelekea chai, akainua kikombe, koo lake likakaza, mkono ukatupa kikombe ukutani. Akanitazama kwa hofu kama mtoto. "Nimefanyaje?" aliuliza. "Kwa nini siwezi kunywa?"

Upepo ukipita mlangoni alishtuka. "Funga, unaniuma."

Tulimpakia kwenye gari la mihogo hadi Korogwe. Daktari alitazama kovu, akauliza maswali machache, akanitoa nje. Alisema ugonjwa ukishafika hapo hauna dawa. Hapa kwetu hauna, na huko mbele hauna. Watampunguzia maumivu tu.

Nilimpigia simu yule mama wa utafiti. Sijui nilitaka aniambie nini. Nilimweleza yote, hata wizi. Akasema, "Kaka, si nilikwambia vibakuli?" Nikamsikia analia.

Ndugu yangu, umewahi kukaa pembeni ya mtu anayekufa kwa kiu, na maji yapo, na ukiyasogeza unamuua kwa hofu? Nilikuwa nashika ukingo wa kitanda. Hakuna kingine nilichoweza kufanya. Hakuna!

Akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Iliporudi mara ya mwisho aliniita kwa jina langu la utotoni.

"Ile chupa yako ilibaki?"

"Ilibaki, dada."

"Ilete. Nitajitahidi niimeze."

Hadi pale alikuwa bado ananiamini.

Msibani binamu alikuja. Kwetu mtani ndiye anayechangamsha msiba. Anazuia kaburi mpaka apewe chochote, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anawacheka wafiwa mpaka machozi yao yachanganyike na kicheko. Watu walikuwa wanamsubiri. Alichukua jembe, akachimba kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Aliponifikia alinipa mkono, akasema, "Pole sana, kaka."

Nakuomba wewe unayesoma. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe, na umalize sindano zote. Kidonda kikikauka kisikudanganye. Na anayekuletea chupa akakwambia ni utafiti, muulize imejaribiwa kwa nani. Huenda siku moja zile chembe zitakuwa dawa kweli, wataalamu wenyewe watatuambia. Dada yangu hakuwa kibakuli.

Sasa hivi miguu haiwashi tena. Ningekuwa na pa kwenda ningekwenda. Nimebaki kwenye nyumba yake, naita kuku wake jioni, hawaji kwa sauti yangu.

Binamu anapita barabarani na pikipiki karibu kila wiki. Akiniona anapunguza mwendo. "Habari za leo, kaka," anasema, kwa adabu, kama anavyowasalimia wageni. Namtazama mdomoni, nangoja aniite Mzururaji. Anaongeza moto, anaenda zake.